Mji unanunua kiwanja kilichokuwa chake, tena kwa bei ya soko: hesabu hii imekaaje?

Karani Mstaafu (Chikongola, Mtwara)

Wakuu, shikamooni wenye umri wa kushikamoliwa. Vijana hamjambo.

Nimekuwa karani wa ghala la korosho miaka 22. Kabla sijakabidhiwa ufunguo, mzee aliyenifundisha kazi aliniambia kwamba siku nikiona gunia limetoka mlango wa mbele, likazunguka, likaingia mlango wa nyuma wa ghala lilelile na mtu akaandikiwa stakabadhi mpya, nipige kelele. Huo ndio mchezo mkongwe kuliko yote ghalani. Gunia ni moja, malipo mawili.

Sasa nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anaishi California, Marekani, mji mdogo si mbali na Sacramento. Jumapili alipiga simu. Tulianza na mguu wa mama yake, tukaja kwenye mvua, tukaishia kwenye kiwanja. Anasema baraza la mji wao linataka kununua kiwanja kilicho wazi katikati ya mji, kama ekari moja na nusu, zamani palikuwa na kituo cha mafuta. Nikamuuliza muuzaji nani. Akasema ni chombo kilichobaki baada ya wakala wa uendelezaji upya wa mji huohuo kuvunjwa. Nikamuuliza na wajumbe wa huo wakala walikuwa kina nani. Akacheka, akasema madiwani haohao. Na bei? Bei ya soko, imepimwa na mthamini, bila punguzo hata la dola.

Nikamwambia mjomba, hilo gunia nalijua. Akaniambia, "Mjomba, huku ni sheria." Salio likaisha, nami sikuridhika.

Kwa hiyo naomba mwenye ujuzi anieleweshe mji unawezaje kujiuzia shamba lake.

La pili linatoka kwenye kidonda changu mwenyewe. "Bei ya soko" ni bei ya siku gani? Mwaka 2013, mji wetu huu ukiwa umelewa habari za gesi, nilinunua kiwanja Mangamba, mita 20 kwa 30, milioni saba taslimu. Muuzaji alikuwa na wateja wengine watatu wamesimama juani, nikaogopa kuachwa. Leo nikitaja milioni nne mtu ananiuliza kama ndani kuna nyumba. Ile saba ilikuwa bei ya soko, na hii isiyofika nne nayo wananiambia ni bei ya soko. Huyo mthamini wa Marekani kakamata ipi?

Nawasilisha.

Kangomba77

Mzee, hapo hakuna cha kuuliza. Hiyo ni kangomba ya madiwani, kama ule ulanguzi wa korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mnada. Mkono wa kulia unauza, wa kushoto unanunua, katikati kuna kitu kinadondoka. Wazungu nao ni watu.

Karani Mstaafu

Kijana, kwa jina ulilojipa wewe ndiye wa mwisho kuzungumzia bei halali. Nasubiri wenye majibu.

Wa Mtanda, Ughaibuni

Mzee wangu, shikamoo. Mimi mtoto wa Lindi, Mtanda, ila niko California mwaka wa 16 sasa. Nafanya kazi ya mahesabu kwenye wilaya moja ya elimu huku, kwa hiyo senti kadhaa za viwanja vya namna hiyo zinapita mezani kwangu. Nitakueleza, ila kaa vizuri, hadithi ni ndefu.

Mwaka 1945 jimbo lilipitisha sheria ya kuruhusu miji iunde wakala wa kufufua mitaa iliyochakaa. Fedha ndiyo ilikuwa shida, mpaka 1952 wapigakura walipokubali utaratibu huu: siku mtaa unapotangazwa kuwa eneo la mradi, kodi ya ardhi na majengo ya pale inagandishwa. Tuseme siku hiyo mtaa unazaa dola 100. Kaunti, shule, mji, zimamoto, wote wanaendelea kugawana 100 yao. Miaka 20 baadaye mtaa umechangamka, unazaa 300. Ile 200 ya juu hawaigusi, inakwenda kwa wakala alipe mikopo aliyochukua kununua viwanja, kubomoa, kujenga. Baadaye sana ndipo wakalazimishwa kuwarudishia wenzao kidogo.

Umeona mtego? Ukiwa mji, kila mtaa utatamani uutangaze umechakaa. Kuna maeneo yalikuwa mashamba matupu, nayo yakaitwa yamechakaa! Mwishoni wakala zilizidi 400, zikawa zinakusanya yapata dola bilioni 5 kwa mwaka, kama asilimia 12 ya kodi yote ya ardhi na majengo ya jimbo zima. Na shule zilipopungukiwa, jimbo ndilo lililoziba, kwa sababu tangu 1988 katiba ya jimbo inazihakikishia shule kiwango cha chini cha fedha. Kwa hiyo mji unajenga ukumbi wa sinema, bili ya madaftari inapelekwa kwa gavana.

Jerry Brown akaingia ugavana Januari 2011, akakuta pengo la bajeti la dola bilioni 25 hivi. Akasema wakala hizi zife. Sheria ikapita Juni, miji ikaenda mahakamani, Mahakama ya Juu ya jimbo ikahukumu Desemba 29, 2011 kwamba jimbo lililoziumba linaweza kuziua. Februari 1, 2012 zote zikafa siku moja.

Zikaacha madeni na zikaacha viwanja. Mahali pake pakawekwa wakala mrithi, ambaye mara nyingi ni mji uleule umevaa kofia nyingine, hapo mpwa wako kasema kweli. Lakini hauzi anavyotaka. Juu yake kuna bodi ya uangalizi ya watu saba, wakiwemo wa kaunti na wa elimu, na juu ya bodi kuna Idara ya Fedha ya jimbo. Siku hizi bodi ni moja kwa kaunti nzima, tangu Julai 2018, isipokuwa Los Angeles wenye tano. Kiwanja kikiuzwa, hela haibaki mjini. Inakwenda kwa mkaguzi wa kaunti, anawagawia wote waliokuwa wanakula ile kodi. Sisi wa shule ndio wenye fungu kubwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kama wauziwe kwa bei ya kutupa, jibu langu unalijua.

Binti wa Mikindani

Mzee Karani, mbona hiyo ni mirathi tu, ya kawaida kabisa? Maiti ni huyo wakala. Msimamizi wa mirathi ni huyo wa kofia mbili. Warithi ni kaunti, shule, zimamoto, na mji wenyewe ni mmoja wa warithi.

Sisi yalitukuta. Baba alituachia nyumba ya mawe Mikindani, ile ya kizamani, boriti za mkoko, kuta nene unaweza kulala dirishani. Mama alishatangulia. Tulibaki watano, wanaume wawili, wanawake watatu. Kaka yetu mdogo alikuwa anakaa mlemle, ndiye aliyemuuguza baba, na akawa ndiye msimamizi wa mirathi. Akasema anaitaka nyumba. Kaka mkubwa, wa Dar es Salaam, akasema aichukue tu, ni nyumba ya nyumbani. Dada yangu mkubwa akagoma. Alisema, "Nampenda mdogo wangu, lakini mwanangu anadaiwa ada, na mapenzi hayapokelewi shuleni."

Tukaita mthamini. Akaipima milioni 35. Kwa mafungu yetu ya Kiislamu, mwanamume mawili, mwanamke moja, ikawa mafungu saba, kila fungu milioni tano. Kaka mdogo fungu lake ni kumi. Akatoa 25, sisi tukagawana, yeye akabaki na nyumba. Msimamizi alikuwa yeye, mnunuzi alikuwa yeye, na hakuna aliyeibiwa, kwa sababu bei hakuisema yeye.

Angekuwa hana ndugu, asingelipa hata shilingi. Bei ya soko imewekwa kwa ajili ya ndugu.

(Kwetu wamakonde wa zamani wangesema mjomba ndiye aamue yote hayo. Bahati mbaya mjomba wetu alikuwa na yeye anaitaka nyumba.)

Wa Mtanda, Ughaibuni

Binti wa Mikindani umenifupishia kazi. Na huku ni vilevile: mji ukilipa, tuseme, dola 800,000, na fungu lake katika kodi ya pale ni asilimia 15, basi 120,000 inarudi mlango wa nyuma. Hasa unachotoa ni 680,000.

Karani Mstaafu

Bibie, Mungu amrehemu mzee wenu. Sasa nimeona. Kumbe gunia linazunguka ghala, lakini ndani ya gunia mna korosho za wakulima watano, na mwenye ghala ni mmoja tu kati yao. Basi stakabadhi ni halali. Nakiri.

Imenikumbusha kitu hapahapa. Tuna kata inaitwa Reli, na vijana hawajawahi kuona reli. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, ukafa 1951, ukatuachia bandari, ukatuachia na njia ya treni ya kwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lilibaki jina. Nikiwa mdogo tulichuma maembe kwenye tuta la reli, na hakuna mtu aliyetuuliza mrithi ni nani.

Lakini swali la bei bado halijajibiwa.

Kangomba77

Na mimi nina langu, kwa adabu. Hao madiwani waliona kifo kinakuja mwaka mzima kabla. Mimi ningekuwa diwani ningehamisha viwanja vyote viwe jina la mji mapema. Hawakuwa na akili?

Wa Mtanda, Ughaibuni

Walikuwa nazo, na walifanya hivyohivyo! Miezi ya mwanzo ya 2011 kuna miji ilikaa vikao vya usiku kuhamisha hati. Ni kama ndugu anayebeba makochi kabla maiti haijazikwa. Sheria ikaja ikasema kila kilichohamishwa kutoka kwa wakala kwenda kwa mji tangu Januari 1, 2011 kirudishwe, na Mdhibiti wa Fedha wa jimbo akapita mji kwa mji akihesabu makochi.

Kuna vinavyotoka bure lakini, tusidanganyane. Bustani ya umma, barabara, kituo cha polisi, hivyo mji unakabidhiwa bila kulipa, kwa kuwa ni matumizi ya serikali na hakuna mwenye kutarajia kuviuza. Vingine mji unaweza kuvishika kwa ajili ya ujenzi wa baadaye kwa kufanya mapatano ya fidia na wale wengine. Kiwanja cha mpwa wa mzee, kwa maelezo yake, kimeangukia fungu la kuuzwa. Hapo mji ukikitaka unasimama foleni kama mnunuzi.

Binti wa Mikindani

Kwa nini ukitake sasa? Si wamuachie tajiri anunue, nao wapate fungu lao la bure?

Wa Mtanda, Ughaibuni

Kwa sababu tajiri atajenga kinachomlipa yeye. Mji ukishika hati unaweza kusema hapa ni nyumba za bei nafuu, au maktaba, au unampangisha mjenzi kwa masharti. Kuna miji imeshaumia, kiwanja cha katikati kilinunuliwa na mtu wa mbali akaking'ang'ania miaka na magugu yake, anasubiri bei ipande.

Karani Mstaafu

Huyo mtu wa mbali mwenye magugu ni mimi pale Mangamba. Endeleeni.

Mthamini wa Kusini

Mzee Karani, samahani nimechelewa, nilikuwa Newala na mtandao wa kule mnaujua.

Bei ya soko ina maana yake kwetu wathamini. Ni ile ambayo muuzaji asiye na shida na mnunuzi asiye na haraka wangekubaliana, wote wakijua wanachouziana, na mali ikiwa imetangazwa muda wa kutosha. Sasa jitazame wewe 2013, juani, na wateja watatu nyuma yako. Haraka ulikuwa nayo. Hata hivyo mthamini aliyekuja mwezi ule angeiandika saba yako, kwa sababu sisi tunalinganisha na mauzo yaliyofanyika kweli, na mauzo yote ya Mangamba mwezi ule yalikuwa ya watu waliosimama juani. Ndiyo maana kila ripoti ina tarehe ya uthamini. Bila tarehe, hiyo namba ni tetesi.

Kwa hiyo huko kwa mpwa wako, wakati wa kusoma ripoti, aangalie tarehe kwanza. Halafu aangalie habari ya kituo cha mafuta. Yale matangi ya chini yakishavuja, gharama ya kusafisha udongo inakatwa kwenye bei, na inaweza kuikata vibaya sana. Wauzaji huwa hawapendi ukurasa huo. Na aangalie mthamini kakipima kwa matumizi gani. Ekari moja na nusu ya katikati ya mji ikipimwa kama maegesho ya magari ina bei moja, ikipimwa kama ghorofa nne zinazoruhusiwa na mpango mji ina bei nyingine kabisa. Sheria ya kazi yetu inataka yale matumizi bora yanayoruhusiwa na yanayowezekana. Mji ukiwa ndio mnunuzi, na mji huohuo ndio unaoandika mpango wa matumizi ya ardhi, hapo ndipo mimi ningeweka kiti nikae niangalie.

Mimi kangomba nisingeitafuta kwenye kununua, ningeitafuta hapo.

Kwetu sisi jambo hili si la zamani. Kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi tupu kisheria haikuwa na bei. Serikali ikikuondoa ulilipwa mkorosho, mnazi, nyumba, choo. Udongo wenyewe, pole. Sheria Namba 4 ya 1999 ndiyo iliyosema haki katika ardhi ina thamani, na fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za 2001 zikaweka bei ya soko kuwa msingi, juu yake posho ya usumbufu, pango la miezi 36 kama ni nyumba, na nauli ya tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Nimeshapima familia ambazo mali yote haifiki tani moja, na kanuni inawalipa tani 12. Huwa nafurahi siku hiyo.

Na kuhusu siku: Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema fidia ikipita miezi sita haijalipwa inaanza kuzaa riba, na ikipita miaka miwili uthamini umekufa, unarudiwa. Wabunge waliona watu wanapimwa bei ya juzi wanalipwa kesho kutwa.

Kangomba77

Kwa hiyo korosho ya 2018 ilikuwa bei ya soko au si ya soko? Wanunuzi walitoa bei ndogo mnadani, Rais Magufuli akasema serikali inanunua yote shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba.

Mthamini wa Kusini

Ile ilikuwa bei ya serikali, si ya soko. Inaweza kuwa nzuri kuliko ya soko, na inaweza kuwa mbaya, ila mthamini hawezi kuiandika kama ushahidi wa soko, kwa sababu mnunuzi alikuwa na sababu nyingine zaidi ya korosho.

Karani Mstaafu

Mwaka ule nilikuwa ghalani. Tulihakiki wakulima mpaka tukajua idadi ya mikorosho ya kila bibi, kwa ajili ya watu wenye jina kama la huyu kijana. Niliache.

Nimempigia mpwa wangu jana usiku, safari hii kwa vocha ya kutosha. Nikamwambia aulize tarehe, matangi, na matumizi. Leo amenirudia kwa ujumbe wa sauti. Ripoti ina tarehe, ya miezi minne nyuma. Matangi yalishatolewa zamani, kuna barua ya kuthibitisha. Ila kiwanja kimepimwa kama maegesho. Alipoinua mkono kwenye kikao kuuliza kwa nini, anasema mwenyekiti alikunywa maji kwanza.

Haya, Mthamini, turudi Mangamba. Kiwanja changu kikipimwa leo, unakionaje?

Mthamini wa Kusini

Una hati? Au barua ya ofa ya kumilikishwa?

Karani Mstaafu

Nina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa na saini za mashahidi wanne. Wawili wameshafariki.

Mthamini wa Kusini

Mzee, basi usiilaumu gesi peke yake. Jirani yako mwenye kiwanja kilichopimwa na chenye hati anauza leo kwa bei ambayo wewe huwezi hata kuitaja, kwa sababu benki inamkopesha mnunuzi wake na wako haimkopeshi. Nenda ofisi ya ardhi na hiyo karatasi, uliza kama eneo lile limeshaingia kwenye mchoro wa mipango miji. Mashahidi wawili waliobaki wachukulie kiapo kabla hawajawafuata wenzao. Na fyeka magugu.

Karani Mstaafu

Nimeandika yote. Kangomba77, uko Mtwara mjini? Nahitaji bodaboda kesho saa mbili, kwanza Mangamba na panga, halafu ofisi ya ardhi.

Kangomba77

Nipo stendi, mzee. Panga lipo. Mafuta utaweka wewe.